Siagi ya Mimea Inayoshikana: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza ya Kupaka, ya Kupikia na ya Kuokea

Watu wengi wanaojaribu kutengeneza siagi ya mimea nyumbani huishia mahali pamoja. Chombo hutoka kwenye friji kikiwa na tabaka jeupe gumu juu, maji ya maziwa ya soya chini, na katikati chenga zinazosagika ulimini kama sukari isiyoyeyuka. Wengine hufanikiwa usiku, kisha saa nne asubuhi, juu ya meza ya Dar es Salaam au Mombasa, siagi yao inakuwa mafuta ya kumimina. Mapishi waliyofuata si ya uongo. Yaliandikwa kwa ajili ya jiko lenye nyuzijoto 18 au 20, na aliyeyaandika hakuona haja ya kulitaja jambo hilo kwa kuwa kwake ndiyo hali ya kila siku.

Nimeyarudia makosa hayo mara nyingi kabla ya kuelewa chanzo chake. Mafuta yasiyolingana na joto la mahali ni sehemu ndogo ya tatizo. Sehemu kubwa ni namna ya kuchanganya na kupooza, yaani dakika kumi na tano hivi ambazo watu huziruka kwa kudhani friji itafanya kazi yote. Kwa sababu hiyo nimeeleza hatua hizo kwa kirefu, na nyingine kwa ufupi.

Mwongozo huu unamfaa mtu asiyetumia maziwa kwa sababu ya afya, imani au hiari yake. Mwenye mzio wa soya asome kwanza sehemu ya mahitaji, kwa kuwa kuna mbadala.

## Mahitaji

Vipimo hivi vinatoa takriban nusu kilo.

- Mafuta ya aina mbili au tatu, jumla gramu 400 (mgawanyo wake umeelezwa katika sehemu inayofuata)
- Maziwa ya soya yasiyo na sukari wala ladha, mililita 85
- Lesithini ya soya au ya alizeti, gramu 5, sawa na kijiko kimoja cha chai
- Chumvi laini, gramu 6, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa
- Maji ya ndimu au siki nyeupe, kijiko kimoja cha chai
- Mawese, nusu kijiko cha chai, kwa ajili ya rangi

Vyombo: mizani ya jikoni, sufuria ndogo, blenda, bakuli la chuma, bakuli au beseni kubwa zaidi ya hilo, mwiko wa mpira au wa mti wenye ncha bapa, barafu ya kutosha kujaza nusu ya beseni, na chombo chenye kifuniko kinachobana. Kipimajoto cha jikoni kinasaidia sana, ila nitaeleza namna ya kukadiria kwa asiyekuwa nacho.

Usipime mafuta kwa kikombe. Kikombe cha mafuta ya mgando yaliyochotwa kwa kijiko huwa na mifuko ya hewa, na kikombe hichohicho cha mafuta yaliyoyeyuka kina uzito mwingine kabisa. Tofauti ya gramu 40 inatosha kuifanya siagi iwe ngumu kama mshumaa au laini kama uji.

Kuhusu maziwa ya soya. Ya dukani yanafaa kama hayana sukari. Ya nyumbani ni bora zaidi kwa sababu ni mazito. Loweka gramu 100 za soya usiku mzima, mwaga maji hayo, saga kwa nusu lita ya maji safi, chuja kwa kitambaa, kisha chemsha kwa dakika 15 hadi 20 huku ukikoroga. Usifupishe muda huo, kwa kuwa soya mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, na moto ndio unaoviondoa. Simama karibu na sufuria, kwani povu la soya hupanda ghafla na kufurika bila kutoa dalili.

Kuhusu lesithini. Hii ndiyo inayoyafanya maji na mafuta yakubaliane. Hupatikana katika maduka ya vifaa vya kuokea na baadhi ya maduka ya vyakula vya afya, ikiwa ya maji mazito yenye rangi ya asali au ya unga. Aliyeikosa anaweza kuendelea bila hiyo, lakini apunguze maziwa ya soya hadi mililita 60, kwa sababu maji yakipungua hatari ya kujitenga nayo inapungua.

Kwa mwenye mzio wa soya. Tumia lesithini ya alizeti, na badala ya maziwa ya soya weka maji yaliyochemshwa yakapoa. Ladha itakuwa nyepesi zaidi, ila siagi itashikana.

Kuhusu majarini. Wapo wanaouliza kwa nini wasinunue majarini moja kwa moja. Inawezekana, mradi lebo isomwe hadi mwisho, kwa kuwa baadhi ya majarini huwekwa unga wa maziwa au whey (maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini) ingawa mafuta yake yote ni ya mimea. Iwapo lebo inataja mafuta yaliyohidrojenishwa kwa sehemu, yaani mafuta ya maji yaliyogandishwa nusu kiwandani, yarudishe rafuni. Hayo ndiyo chanzo kikuu cha mafuta ya trans viwandani, yanayodhuru moyo, ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2018 yaondolewe katika vyakula. Angalizo hilo linahusu pia mafuta ya mgando utakayonunua kwa ajili ya kazi hii.

## Kuchagua mafuta kwa kufuata joto la mahali unapoishi

Siagi ya ng'ombe hukubali kupakwa ikiwa baridi na hushikilia umbo lake kwa muda mezani kwa sababu ina mafuta ya aina nyingi, kila moja likiyeyuka kwa joto lake. Hakuna mafuta ya mmea mmoja yanayofanya hivyo. Mafuta ya nazi huyeyuka karibu na nyuzijoto 24, yote kwa mara moja: chini ya hapo ni magumu, juu ya hapo ni maji. Ndiyo maana mkazi wa Tanga anayetengeneza siagi kwa mafuta ya nazi peke yake hupata jiwe ndani ya friji na maji nje yake.

Tunachofanya ni kuiga mchanganyiko wa siagi kwa mafuta matatu yenye kazi tofauti.

Mafuta ya nazi hutoa ugumu wa kwenye friji na kuyeyuka vizuri mdomoni. Chagua yaliyosafishwa yasiyo na harufu, isipokuwa kama unaipenda harufu ya nazi katika mkate wako. Mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani kwa kuchemsha tui ni mazuri, ila mara nyingi hubaki na maji na mabaki ya tui; yarudishe motoni taratibu hadi yaache kutoa mapovu, kisha yachuje.

Mafuta ya mgando ya mawese, kama vile Kimbo na Cowboy kwa walioko Kenya, hushikilia umbo wakati wa joto kwa sababu sehemu yake hubaki gumu hata nyuzijoto 30 na zaidi. Yakizidi huacha utando kwenye kaakaa.

Mafuta ya maji, nami napendelea ya alizeti, hulainisha siagi ili kisu kipite hata ikiwa imetoka kwenye friji wakati huohuo.

Migao ninayoitumia ni hii:

- Ya kupaka, mahali pa joto (pwani, Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura): nazi gramu 150, mgando gramu 100, alizeti gramu 150.
- Ya kupaka, mahali pa baridi (Njombe, Lushoto, Nairobi, Limuru): nazi gramu 220, alizeti gramu 180. Mgando hauhitajiki.
- Ya kuokea, popote: mgando gramu 220, nazi gramu 120, alizeti gramu 60.

Niseme wazi kwamba hata mgao wa kwanza hautakaa mezani mchana kutwa katika joto la nyuzi 32 bila kulegea. Siagi ya ng'ombe nayo hailiwezi hilo. Itoe kwenye friji wakati wa kula na uirudishe mkishamaliza.

Mafuta mengine mawili yanastahili kutajwa. Siagi ya kakao, ambayo huyeyuka karibu na nyuzijoto 34, inaweza kuchukua nafasi ya gramu 40 hadi 50 za mgando na kuleta ugumu mzuri zaidi. Lakini nyingi inayouzwa mijini ni ya kupaka mwilini, na hiyo isiingie jikoni. Nunua ile tu iliyoandikwa kuwa ni chakula. Aliye kaskazini mwa Uganda, ambako mishea huota yenyewe, anaweza kutumia siagi ya shea iliyokamuliwa kwa ajili ya kula badala ya mgando wote, akijua kwamba shea ya huko ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi na kwamba ina harufu yake ya pekee.

## Hatua kwa hatua

### Hatua ya 1: Andaa barafu kabla ya kuwasha jiko

Weka barafu, maji kidogo na konzi ya chumvi ya kawaida ndani ya beseni. Chumvi hushusha joto la maji ya barafu chini ya sifuri, na tofauti hiyo inaonekana katika kazi. Weka bakuli la chuma kwenye friza lipoe. Usitumie bakuli la plastiki, kwani plastiki huzuia baridi isipite.

Anayeanza kutafuta barafu wakati mchanganyiko umeshatoka kwenye blenda amekwisha kuchelewa.

### Hatua ya 2: Chachusha maziwa ya soya

Pasha maziwa ya soya yawe vuguvugu, ongeza maji ya ndimu na chumvi, koroga mara moja, uyaache dakika kumi. Yatakuwa mazito kidogo na kuonekana kama yamekatika. Ndivyo inavyotakiwa. Ndimu huleta ule uchachu mdogo unaotofautisha siagi na mafuta matupu, na chumvi iliyeyushwe hapa kwa sababu haiyeyuki ndani ya mafuta. Ukiiweka mwishoni utaikuta meno yakiisaga.

### Hatua ya 3: Yeyusha mafuta mpaka yaangaze

Weka mafuta ya mgando na ya nazi kwenye sufuria juu ya moto mdogo kabisa. Yakishayeyuka yote ongeza ya alizeti, mawese na lesithini. Yafikishe nyuzijoto 60 na uyaache hapo dakika tano, yakiwa maangavu kiasi cha kuona chini ya sufuria.

Usiishie pale yanapoonekana yameyeyuka kwa juu. Vipande vidogo sana vya mafuta magumu, ambavyo jicho halivioni, hubaki vikielea, na mafuta yakianza kupoa vipande hivyo huvuta vingine na kukua kuwa zile chenga watu wanazozilalamikia.

Mawese ya Kigoma yana rangi kali, hivyo nusu kijiko cha chai kinatosha kuleta manjano ya siagi. Ukikosa mawese, tumia manjano kiasi cha ncha ya kisu. Yakizidi, mkate utanukia mchuzi.

### Hatua ya 4: Yalinganishe joto

Epua mafuta, yaache yashuke hadi nyuzijoto 40. Hakikisha maziwa ya soya nayo yana joto linalokaribia hilo. Kwa asiye na kipimajoto: dondosha tone la mafuta ndani ya kifundo cha mkono, kama mama anavyopima uji wa mtoto. Usipohisi moto wala baridi, uko mahali pake.

Sababu ni kwamba maziwa baridi yakigusa mafuta ya vuguvugu, mafuta huganda papo hapo kuzunguka matone ya maziwa na kuwa vibonge. Blenda haiwezi kuvirekebisha vibonge hivyo, hata ukizungusha nusu saa.

### Hatua ya 5: Mimina maziwa ndani ya mafuta, kamwe usifanye kinyume

Hapa ndipo wengi hupotea, nami nilipotea hapa kwa miezi.

Mimina mafuta yote ndani ya blenda na uiwashe kwa mwendo wa kati. Ikiwa inazunguka, mimina maziwa ya soya kupitia tundu la kifuniko, uzi mwembamba usiokatika, kwa muda wa dakika moja au zaidi. Endelea kusaga kwa nusu dakika baada ya tone la mwisho.

Siagi ni matone madogo ya maji yaliyofungwa ndani ya mafuta. Mayonezi ni kinyume chake: matone ya mafuta yaliyozungukwa na maji. Ukianza na maziwa kisha ukaongeza mafuta polepole, unatengeneza mayonezi, tena mayonezi nzuri tu, ambayo itaganda kwenye friji na kukudanganya kwamba ni siagi. Kesho yake, ikipakwa kwenye mkate wa moto au kuwekwa kwenye kikaango, itakatika na kumwaga maji. Mpangilio wa kumimina ndio unaoamua nani azunguke nani, na lesithini, kwa kuwa tayari imo ndani ya mafuta, husaidia kuyashika maji ndani.

*Dalili ya kufaulu:* mchanganyiko una rangi ya krimu, ni mzito kidogo kuliko mafuta, na ukiinamisha blenda hakuna michirizi ya mafuta matupu kwenye kuta.

### Hatua ya 6: Pooza kwa kukoroga

Usipeleke mchanganyiko kwenye friji. Umimine ndani ya bakuli la chuma lililokuwa kwenye friza, liweke juu ya beseni la barafu, na uanze kukoroga mara moja. Angalia maji ya barafu yenye chumvi yasiruke ndani.

Koroga kwa mwiko ukikwangua ukuta na chini ya bakuli bila kusimama. Mafuta huanza kuganda pale yanapogusa chuma baridi. Mwiko huyaondoa hapo na kuyarudisha katikati kabla hayajawa gamba. Kadiri yanavyopoa haraka huku yakisumbuliwa, ndivyo fuwele zake, yaani chembe za mafuta yaliyoganda, zinavyokuwa nyingi na ndogo, na fuwele ndogo ndizo ulimi unazozitambua kama ulaini. Yakipoa polepole yakiwa yametulia, kama yanavyofanya ndani ya friji, fuwele huwa chache na kubwa, na matone ya maji hupata muda wa kukutana, kuungana na kuzama.

Dakika tatu za mwanzo hutaona badiliko lolote. Kuanzia ya nne au ya tano, mng'ao wa juu hufifia, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kisha mwiko huanza kuacha njia inayofunga taratibu. Baadaye njia hiyo haifungi tena, na mchanganyiko unafanana na uji mzito wa ulezi uliopoa, ila wenye rangi ya krimu. Hapo ndipo pa kuacha. Kwa kawaida ni kati ya dakika 8 na 12, na joto lake huwa karibu na nyuzi 15 hadi 18.

Ukiendelea kupita hapo, bakuli likiwa bado juu ya barafu, siagi itashika ukutani vipande vipande. Haiharibiki, lakini haitajaa vizuri kwenye chombo na itabaki na mapengo.

### Hatua ya 7: Jaza na uache ilale

Ihamishe upesi kwenye chombo safi kilichokauka. Gonga chombo mezani mara tatu hewa itoke, funika, weka kwenye friji saa zisizopungua nane. Ugumu wa siagi hauji wote mara moja; fuwele huendelea kujipanga usiku kucha, na siagi inayoonekana laini mno saa mbili baada ya kazi huwa sawasawa asubuhi.

*Dalili ya kufaulu:* kata kipande kwa kisu kikavu. Sehemu iliyokatwa iwe laini, ya rangi moja, bila matone ya maji yanayotoka jasho. Sugua kidogo kati ya vidole viwili; iyeyuke bila punje. Ipake kwenye mkate usiochomwa; ienee bila kuuchana.

## Ikiharibika, usiimwage

Siagi iliyojitenga hurekebishika. Irudishe yote sufuriani, pamoja na maji yake, iyeyushe kwa moto mdogo, kisha mwaga mchanganyiko kwenye chombo kirefu uache mafuta yapande juu. Tenga mafuta na maji, rudi Hatua ya 3 na mafuta hayo, na uendelee kwa utaratibu. Kama hukuweka lesithini mara ya kwanza, ndio wakati wake.

Yenye chenga lakini isiyojitenga ilipoa polepole au mafuta hayakufika nyuzijoto 60. Dawa ni ileile.

Iliyo ngumu mno ipunguziwe nazi kwa gramu 30 na kuongezewa alizeti kwa kiasi hicho. Iliyo laini mno, fanya kinyume, ila mahali pa joto ongeza mgando badala ya nazi. Badilisha kitu kimoja kwa kila mzunguko na uandike. Daftari langu la jikoni lina kurasa nne zenye mafuta za migao iliyokataa, na zimenisaidia kuliko zile zilizokubali.

## Kupaka

Mgao wa kupaka hauhitaji maelezo mengi. Anayetaka ladha zaidi anaweza kuongeza kijiko kimoja cha chai cha hamira kavu ya lishe isiyo hai, ikipatikana, wakati wa Hatua ya 2. Huleta harufu ya jibini changa.

Onyo moja ni la lazima. Wengi hupenda kuongeza kitunguu saumu kibichi na majani ya giligilani. Kitunguu saumu kibichi kilichozama ndani ya mafuta, pasipo hewa, kikiachwa katika joto la chumba kinaweza kukuza bakteria wanaotoa sumu ya botulini, ambayo haina harufu wala rangi ya kukuonya. Siagi ya namna hiyo itengenezwe kidogo, ikae kwenye friji muda wote, na iliwe ndani ya siku tatu. Ya kukaa muda mrefu itiwe unga wa kitunguu saumu kilichokaushwa.

## Kupika

Siagi hii ina maji, hivyo ikigusa kikaango cha moto italia na kurusha matone. Ianze kwenye kikaango kisichopata moto sana, iache mpaka mlio wake upungue, ndipo uweke vitunguu. Maziwa ya soya yana protini, na protini hiyo huleta rangi ya kahawia kidogo chini ya kikaango. Usiache ifike weusi. Kwa kukaanga kwa mafuta mengi haifai hata kidogo.

Kwa pilau, biriani na maharage ya kuunga, ninapendekeza usitumie siagi bali samli ya mimea, ambayo ni rahisi kuliko yote yaliyotangulia kwa kuwa haina maji. Yeyusha mgando gramu 250 na nazi gramu 150, tia hiliki tano zilizopondwa, kipande cha mdalasini na nusu kijiko cha chai cha uwatu, acha kwenye moto mdogo sana dakika 20, chuja, pooza. Uwatu ndio unaoleta ile harufu ya samli inayojaza nyumba. Usiuache ukaungua, kwani utatia uchungu samli yote. Ikihifadhiwa kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na jua, hukaa wiki kadhaa nje ya friji. Kijiko chenye maji kisiingie humo.

## Kuoka

Siagi ya ng'ombe kwa kiwango cha kimataifa ina mafuta yasiyopungua asilimia 80 na maji yasiyozidi asilimia 16. Mchanganyiko wetu uko karibu na hapo, kwa hiyo gramu 100 za siagi katika pishi lolote hubadilishwa kwa gramu 100 za hii. Anayetumia mafuta matupu ya nazi au mgando bila kutengeneza siagi aweke gramu 80 za mafuta na mililita 16 hadi 20 za maji. Kuweka gramu 100 za mafuta matupu ndiko kunakofanya biskuti zitandae sinia nzima na keki iache mafuta kwenye karatasi.

Keki. Kupiga siagi na sukari kunafanya kazi moja tu: punje za sukari huchimba vijishimo vya hewa ndani ya mafuta, na vijishimo hivyo ndivyo hupanuka ndani ya oveni. Mafuta yaliyoyeyuka hayashiki shimo. Siagi iwe na nyuzijoto 18 hadi 20, yaani kidole kizame kwa kusukuma kidogo na alama ibaki na kingo zake. Pwani, hali hiyo hudumu dakika chache tu, kwa hiyo weka bakuli la kupigia juu ya maji baridi, piga dakika tano hadi sita, na ukiona mchanganyiko unang'aa, usimamishe kazi na uurudishe kwenye friji dakika kumi. Mchanganyiko uliofaulu ni mweupe kuliko ulivyoanza na unasimama juu ya kijiko.

Biskuti. Unga ukishakandwa, uufunge na kuupumzisha kwenye friji nusu saa, uukate, kisha uzirudishe biskuti zilizokatwa kwenye friji dakika kumi tena kabla ya oveni. Oveni iwe imeshapata moto kamili. Biskuti inayoingia baridi kwenye oveni ya moto hukamata umbo kabla mafuta hayajakimbia.

Chapati. Hapa mgao wa kuokea unashinda mafuta ya maji bila ubishi. Sukuma donge, paka siagi laini isiyoyeyuka, kunja au viringa kama konokono, pumzisha dakika 20, sukuma tena. Mafuta yaliyoganda nusu hubaki kati ya tabaka na tabaka, na maji yaliyomo hugeuka mvuke juu ya kikaango na kuzinyanyua. Mafuta ya maji hunywewa na unga, na chapati hutoka nzito isiyochambuka.

## Kuhifadhi na kiasi cha kula

Kwa sababu ina maziwa ya soya, siagi hii iliwe ndani ya wiki mbili ikiwa kwenye friji. Kwenye friza hukaa miezi mitatu. Ikate vipande vya gramu 100, funga kila kimoja kwa karatasi ya kuokea, andika tarehe. Iyeyushwe barafu ndani ya friji, si mezani, isije ikatoa maji. Harufu ya uchachu mkali, madoa ya ukungu au ladha kama ya rangi ya kupakia kuta ni dalili za kuitupa yote, bila kukwangua sehemu ya juu na kubakiza ya chini.

Kuwa ya mimea hakuifanyi iwe nyepesi. Mafuta ya nazi yana mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha kolesteroli, kwa wingi kuliko hata siagi ya ng'ombe, na mgando nao unayo mengi. Mwenye maradhi ya moyo au kolesteroli iliyopanda afuate ushauri wa daktari wake, na kwa mkate wa kila asubuhi afikirie parachichi lililopondwa kwa ndimu na chumvi, ambalo mafuta yake mengi hayajashiba. Liandaliwe la kutosha mlo mmoja tu, kwa kuwa hugeuka jeusi likikaa.

Jumla ya kazi yote, ukiondoa kuloweka soya na usiku wa kwenye friji, ni kama dakika 50 kwa anayeanza. Anayeishi mahali ambapo umeme hukatika aanze asubuhi, akiwa na barafu tayari mkononi, kwa sababu chombo kikishajazwa friji isipungukiwe baridi kwa saa nne za mwanzo.